Mkate, Njaa na Neno la Mama: Historia ya Chakula Kinachomdhuru Mtoto

Miaka kadhaa iliyopita, dada yangu alikaripiwa mbele ya akina mama wenzake katika kliniki moja ya watoto. Mwanawe wa miezi saba alikuwa akiharisha choo chenye damu, na mstari wa uzito katika kadi yake ulikuwa ukishuka. Dada alieleza kwamba balaa lilianza alipomwanzishia maziwa ya ng'ombe. Akajibiwa kuwa maziwa ni lishe, na kwamba kasoro ni uchafu wa vyombo vyake. Ilichukua miezi mitatu, na daktari mwingine, kutambua kwamba utumbo wa mtoto yule ulikuwa ukizikataa protini za maziwa hayo. Yalipoondolewa, mtoto akanawiri.

Mimi si tabibu, ni mwalimu wa historia. Lakini tukio lile lilinirudisha kwenye kisa ambacho hupenda kuwasimulia wanafunzi wangu: jinsi dunia ilivyochelewa kukubali kwamba chakula kinachowajenga wengi chaweza kumbomoa mtoto mmoja.

Mwaka 1887, jijini London, daktari Samuel Gee alitoa mhadhara katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street kuhusu ugonjwa wa siliaki. Aliwaeleza watoto wadogo wenye choo kingi, cheupe na chenye harufu kali, ambao matumbo yao yalivimba huku miguu na mikono ikisinyaa. Gee aliona sawasawa kwamba kama tiba ipo, basi imo katika chakula. Alimtaja hata mtoto aliyestawi kwa kulishwa kome wa Uholanzi kila siku, kisha akadhoofika tena msimu wa kome ulipokwisha. Hata hivyo, miongoni mwa vyakula alivyoruhusu ulikuwamo mkate, mradi ukatwe mwembamba na kuokwa pande zote mbili.

Mwaka 1924, huko New York, daktari Sidney Haas alitangaza kuwa amewatibu watoto wa aina hiyo kwa ndizi. Walipata nafuu kweli, naye akaamini kuwa ndizi ndiyo dawa. Kumbe wale watoto walipona kwa sababu ya kile walichonyimwa: mkate.

Aliyefumbua fumbo hilo ni Mholanzi Willem Dicke, daktari wa watoto mjini The Hague. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930 mama mmoja alimweleza kuwa mwanawe hupata nafuu kila anapomnyima mkate. Dicke hakumkaripia. Alianza kuwapa wagonjwa wake chakula kisicho na ngano, na mwaka 1941 akachapisha taarifa yake ya kwanza.

Kisha ikaja njaa. Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kuwakwamisha Wajerumani, nao wavamizi wakalipiza kisasi kwa kuzuia chakula kufika magharibi mwa nchi. Watu walikula vitunguu vya maua ya tulipu. Takriban 20,000 walikufa. Katika msiba huo, watoto wenye siliaki hawakuzidiwa kama ilivyotarajiwa, bali walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba njaa ndiyo iliyomfundisha Dicke. Mwanahistoria hana budi kusahihisha: njaa ilithibitisha tu alichokwisha kukishuku. Ushahidi wenyewe ulitokana na kazi ya kuchosha ya kupima mlo na mafuta yaliyosalia katika choo cha watoto, aliyoifanya na wenzake van de Kamer na Weijers. Tasnifu yake ya udaktari aliiwasilisha Utrecht mwaka 1950. Leo tunajua kwamba mkosaji ni gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Siliaki si mzio wa kawaida: kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba wenyewe, na vinyweleo vinavyonyonya chakula huharibika. Mzio wa maziwa huwaacha watoto wengi wanapokua. Siliaki hudumu maisha yote.

Kwa nini niyaandike haya katika ukurasa wa siasa? Kwa sababu ya Sahara Magharibi, nchi ambayo Tanzania iliitambua mwaka 1978. Wasahrawi walikuwa wafugaji waliotegemea sana maziwa ya ngamia na tende. Ukoloni wa Hispania ukawazoesha mkate wa ngano. Vita vilivyofuata kuondoka kwake vikawasukuma wengi hadi kambi za Tindouf, Algeria, ambako unga wa msaada ni chakula cha kila siku. Mwaka 1999 watafiti wakiongozwa na Mwitalia Carlo Catassi walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 990 wa Kisahrawi: asilimia 5.6 walikuwa na siliaki, ilhali Ulaya kiwango hukaribia asilimia moja. Urithi wa damu una sehemu yake. Lakini aliyeamua kuwa watoto wale wale ngano si mama zao.

Hapo ndipo ninapotaka watumishi wa umma watafakari. Mtoto aliyekonda mwenye tumbo kubwa huandikiwa utapiamlo, na kwa kawaida ni kweli. Njaa na minyoo bado vinawasumbua watoto wetu wengi. Lakini mtoto anayelishwa na bado anasinyaa anastahili swali la pili: anakula nini, na hali ilibadilika lini? Swali hilo halihitaji mashine. Wala sisi si maskini wa majibu: mtama, ulezi, uwele, mahindi, mchele na muhogo havina gluteni.

Simshauri mzazi yeyote amnyime mtoto chakula kwa kubahatisha. Hilo nalo huua. Ninachodai ni kwamba neno la mama liandikwe kwenye faili kama ushahidi, kabla halijajibiwa kwa karipio. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Dicke alilijua hilo, na dada yangu angeokolewa miezi mitatu ya machozi kama na mhudumu wake angelijua.