Injini na Kona: Kutoka Njia Kuu hadi Mezani

Injini ndogo ya mfano inayoacha reli kila ifikapo kwenye kona humkutanisha mwenyewe na tatizo lililowasumbua wahandisi wa Marekani tangu miaka ya 1830, na sehemu kubwa ya dawa zinazotumiwa leo mezani zilibuniwa wakati huo, kwa ajili ya injini za kweli zilizobeba abiria na mizigo.

Gurudumu la treni lina sehemu mbili zinazohusika hapa. Ya kwanza ni uso unaokanyaga reli, ambao huchongwa kwa mteremko mdogo ili uwe mnene upande wa ndani na mwembamba upande wa nje. Ya pili ni ukingo, yaani mdomo ulioinuka upande wa ndani, unaozuia gurudumu lisitoke njiani. Kwa kuwa magurudumu mawili ya ekseli moja hufungwa pamoja na kuzunguka sawasawa, na kwenye kona lile la nje lina safari ndefu kuliko mwenzake, ekseli husogea kidogo upande wa nje, gurudumu la nje likakanyaga kwa unene wake na la ndani kwa wembamba wake, na tofauti ya safari ikafidiwa. Kona ikizidi ukali mteremko huo hautoshi tena, hivyo ni ukingo unaoilazimisha injini kugeuka, na ukiigusa reli kwa pembe kubwa huku uzito ulio juu yake ni mdogo, huipanda.

Waingereza waliojenga njia za mwanzo walikuwa na mtaji wa kukata vilima na kujaza mabonde, kwa hiyo reli zao zilinyooka, na injini zenye fremu fupi isiyopinda ziliwafaa. Marekani, ambako fedha zilikuwa chache na masafa marefu, reli ilifuata mito na kuzunguka vilima, na injini zilizoagizwa kutoka Uingereza zilitaabika. John B. Jervis, mhandisi mkuu wa njia ya Mohawk and Hudson katika jimbo la New York, alitoa jibu mwaka 1832 kwa injini iliyoitwa Experiment, ambayo mbele yake iliwekwa bogi, yaani kigari kidogo cha magurudumu manne kinachogeuka chenyewe kabla ya injini na kuielekeza kwenye kona. Karibu wakati huohuo Isaac Dripps aliifungia John Bull, injini iliyotoka Uingereza mwaka 1831, magurudumu mawili ya kuongoza. Injini hiyo imehifadhiwa na Smithsonian mjini Washington, na mwaka 1981, ikitimiza miaka 150, iliwashwa moto ikatembea tena. Mwaka 1857 Levi Bissell alipata hataza ya kigari ambacho, mbali na kugeuka, huyumba pembeni na kurudi katikati chenyewe.

Wengine walipita njia tofauti. Injini za Uingereza za aina ya 9F, zenye ekseli tano za kuendesha, ziliondolewa ukingo kwenye magurudumu ya katikati ili yasikwame konani. Herbert William Garratt, naye, alilitundika boila kati ya vitengo viwili vya magurudumu, kila kimoja kikigeuka peke yake, na ubunifu huo ndio uliozaa injini 34 za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, zilizotengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima, na kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi kwenye njia ya upana wa mita moja tu ingawa kila moja ilikuwa na takriban tani 250. Mbili kati yake zipo katika makumbusho ya reli ya Nairobi.

Watengenezaji wa treni za kuchezea waliligeuza tatizo kichwa chini. Kampuni ya Märklin ilipoonyesha treni yenye vipimo maalumu vya reli katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, na hasa baada ya mwaka 1935, njia ya upana wa milimita 16.5 ilipoingia sokoni, ukubwa wa meza ya nyumbani ndio ulioamua ukali wa kona. Kona ya kawaida yenye nusukipenyo cha milimita 360, kwa kipimo cha 1 kwa 87, ni sawa na mita 31 katika reli ya kweli, ilhali kona za njia kuu hupimwa kwa mamia ya mita. Wenye viwanda waliifidia kasoro hiyo kwa kingo ndefu kupita kiasi, suluhisho lililofanya kazi lakini likaharibu sura, na mashabiki walipoanza kudai kingo nyembamba, uvumilivu wa makosa ulipungua pia. Chama cha mashabiki wa Marekani, NMRA, kilichoundwa Milwaukee mwaka 1935, kiliweka viwango vya magurudumu na reli ili bidhaa za viwanda mbalimbali zipatane.

Jambo moja halikuweza kusawazishwa kwa viwango. Urefu ukigawanywa kwa 87, uzito hugawanywa kwa 87 mara tatu mfululizo, hivyo injini ya tani 100 ingebaki na gramu 152 hivi, na kigari chake cha mbele gramu chache tu, zisizotosha kukishikilia relini. Ndiyo sababu mafundi huongeza kipande cha risasi au springi laini juu ya kigari hicho, na kuhakikisha kwamba hakuna waya wala kiunganishi kinachokizuia kugeuka. Hata hivyo, kabla ya kuigusa injini, fundi apite kwanza kwenye reli akitafuta maungio yaliyojipinda, upande mmoja uliozama, au kona mbili zinazopinda pande tofauti bila kipande kilichonyooka katikati. Zikianguka injini zote mahali pamoja, kosa ni la reli. Ikianguka moja kila mahali, apime nafasi kati ya magurudumu yake.