Chipu Mbovu Nusu Zilizoikuza Spectrum

Mwaka 1981 mwenye kompyuta ya ZX81, iliyokuja na kilobaiti moja tu ya kumbukumbu, alilipa paundi 49.95 ili aongeze 16. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo, Sinclair Research ya Cambridge, Uingereza, ilitoa ZX Spectrum kwa bei mbili: paundi 125 yenye kilobaiti 16, na paundi 175 yenye 48. Yaani kwa fedha ileile mteja alipata nyongeza ya kilobaiti 32. Unafuu huo ulitokana na chipu za kilobiti 64 ambazo nusu yake ilikuwa na hitilafu tangu kiwandani. Watengenezaji, wakiwemo Texas Instruments na Oki, waliziuza kama chipu za kilobiti 32, nazo nane zikipangwa pamoja zilitoa kilobaiti 32 kamili.

Wapo wanaouona uamuzi huo kuwa ulipuaji wa kazi, na hoja yao si ya kupuuzwa: nani angependa kuuziwa kitu kilichofeli ukaguzi? Lakini tuhesabu. Prosesa ya Z80 hufikia kilobaiti 64 kwa wakati mmoja, wala si zaidi. Kilobaiti 16 zilishikwa na programu ya kudumu iliyobeba lugha ya BASIC, na 16 nyingine zilikuwa kumbukumbu ya msingi. Zilizobaki ni 32 barabara. Kwa mpangilio huo, hata chipu nzima isiyo na dosari ingetumika nusu tu, na mteja angelipia nusu asiyoweza kuifikia. Tena kumbukumbu ya msingi iligawanywa na saketi ya kuchora skrini, hivyo prosesa ililazimika mara kwa mara kuisubiri; ile ya nyongeza haikuwa na mshirika, na programu zilizowekwa humo zilikwenda kasi zaidi.

Swali la uimara nalo lina jibu. Chipu za msingi, aina ya 4116, ndizo zilizouzwa zikiwa nzima, lakini zilihitaji umeme wa volti tatu tofauti, na ule wa volti 5 hasi ukikatika huungua. Za nyongeza zilihitaji volti 5 pekee. Ubahili uliowaumiza watu kweli ulikuwa kwenye ZX81: kifurushi cha kumbukumbu kilichomekwa nyuma bila kushikiliwa na chochote, kikitikisika kompyuta ilizima na kazi yote ikapotea.

Faida kubwa ilimwendea mnunuzi wa mwanzo mwenye fedha kidogo. Bodi za Spectrum zilizofuata toleo la kwanza ziliachiwa soketi tupu, hivyo mwenye kilobaiti 16 aliweza baadaye kuchomeka chipu nane za kumbukumbu na nne ndogo za kuziongoza. Sharti lilikuwa zote nane ziwe na nusu nzima ya upande mmoja, kisha waya mfupi kwenye bodi uonyeshe ni upande gani. Mafundi wa leo huweka mahali pake chipu nzima za 4164, na nusu ya kila moja hukaa bila kazi.