Hatta na mpaka uliokuwa ukuta

Ukitoka mjini Dubai kuelekea mashariki, mwendo wa kilomita zipatazo 130, utafika Hatta, eneo la Dubai lililo katika milima ya Hajar. Mbele yake ni Oman: Shinas, kisha Sohar. Hatta yenyewe, ajabu, ilikuwa chini ya Oman hadi karne ya 19. Ila kwa Wazanzibari wenye asili ya Oman, mpaka huo uliwahi kuwa ukuta.

Baada ya mapinduzi ya Januari 12, 1964, familia nyingi ziliyakimbia makazi yao Unguja na Pemba. Sultani Said bin Taimur aliwabana mno waliotaka kuingia Oman. Baadhi wakapokelewa Dubai, enzi za Sheikh Rashid bin Said Al Maktoum. Makazi ya muda ni mtihani, msikilizaji. Chakula huweza kupatikana kwa hisani, lakini mtoto ajuaye Kiswahili pekee ataombaje nafasi darasani kwa Kiarabu? Hapo ndipo jamaa aliyetangulia humfaa mgeni kuliko sadaka: akalimani, aandike barua, adhamini chumba.

Julai 23, 1970, Qaboos bin Said alishika madaraka, akawaita Waomani walio ng'ambo warejee. Wengi walirejea. Lakini katika Falme za Kiarabu walikuwapo waliobaki bila uraia, na kuanzia 2008 baadhi ya watu wa hali hiyo walipewa pasi za Komoro, visiwa ambavyo wengi wao hawakuwahi kuvikanyaga.

Sultani Jamshid bin Abdullah mwenyewe, aliyepinduliwa, alikaa Uingereza hadi 2020 ndipo akaruhusiwa kuhamia Oman. Alifariki dunia Desemba 2024.