Waairishi Wazee katika Mwaka wa Korona

Bahari inayoitenga Ireland na Uingereza si pana. Katika miaka ya 1950, meli iliyong'oa nanga jioni Dún Laoghaire, karibu na Dublin, ilifika Holyhead usiku uo huo, na asubuhi abiria wake walikuwa wakishuka garimoshi katika kituo cha Euston, London. Nakusihi, msomaji, uikumbuke safari hii fupi. Bila yake hutafahamu kwa nini mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, walikuwako katika miji ya Uingereza wazee wengi wa Kiairishi wasiokuwa na mtu wa kuwabishia hodi.

Katika muongo huo watu yapata 400,000 waliihama Ireland. Mashamba yalikuwa madogo, na kwa kawaida shamba lilirithiwa na mtoto mmoja tu. Viwanda navyo vilikuwa haba. Hesabu ya mwaka 1961 iliikuta Jamhuri imebakiwa na watu yapata 2,800,000. Wasichana wengi waliovuka bahari walipata kazi katika hospitali, kwa kuwa Uingereza ilihitaji wauguzi tangu ilipoanzisha huduma ya afya kwa watu wote mwezi wa Julai 1948. Wanaume walishika sepetu. Waswahili husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vijana hawa hawakungojewa hata hiyo siku ya tatu. Walichimba mahandaki ya reli chini ya London, wakajenga nyumba, wakaitandaza barabara kuu ya M1, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1959.

Alfajiri walisimama kando ya barabara huko Camden Town na Cricklewood, nyapara akaja na gari, akachagua aliowataka. Wengi walilipwa ujira wao mkononi, pengine ndani ya baa, bila ya jina kuandikwa katika daftari lo lote la serikali. Palipokosekana maandishi hapakuwa na makato, na kwa siku ile tajiri na kibarua wote wawili walijiona wamepata faida. Lakini makato yale ndiyo yaliyokuwa mbegu ya pensheni, na asiyepanda hakuwa na cha kuvuna uzeeni.

Si pesa zote zilizoishia katika baa. Mwaka 1961 wahamiaji walituma nyumbani yapata pauni milioni 13.5, kiasi kilichokaribia gharama yote ya elimu ya msingi na ya sekondari nchini Ireland kwa mwaka huo. Hebu lipime jambo hilo, wewe uliye mwanafunzi: jasho la mchimba mtaro wa London lilikuwa sawa na ada ya shule ya taifa zima. Kwa hiyo serikali ya Ireland ilipoanzisha, mwaka 2004, mpango wa kuwasaidia raia wake walio ng'ambo, mimi siuiti mpango huo sadaka. Lilikuwa deni, tena lililochelewa kulipwa.

Wengi katika wahamiaji hao walioa, wakapata watoto na nyumba njema. Habari hii haiwahusu sana. Inawahusu waliobaki peke yao katika vyumba vya kupanga na katika mabweni kama Arlington House ya Camden, iliyojengwa mwaka 1905. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini wako walioona haya kurejea mikono mitupu baada ya miaka 40. Wazazi wamekwisha kufa, shamba lina mwenyewe, na barua zilikoma zamani.

Kwa ajili yao Waairishi wenzao walianzisha vituo na vyama: kituo cha Camden katika miaka ya 1950, huduma ya mapadre kwa wahamiaji mwaka 1957, na mwaka 1973 shirikisho ambalo leo huitwa Irish in Britain. Shughuli iliyopendwa mno ilikuwa chakula cha mchana, pamoja na muziki na karata. Mtu angeweza kudhani ni jambo dogo. Kumbe chakula kilikuwa njia ya kumwona mzee: mtumishi wa kituo alitambua uso uliokonda, koti lisilofuliwa, barua ya kodi iliyokaa mfukoni bila kufunguliwa. Mtu asiyekubali kamwe kuomba msaada alikubali kuja kula na wenzake.

Tarehe 16 Machi 2020 waliopita umri wa miaka 70 walishauriwa wasikutane na watu. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Patrick, nayo ikapita bila maandamano, Dublin na London vilevile. Tarehe 23 ikatangazwa amri ya kukaa nyumbani. Meza zile zikakunjwa, na pamoja nazo yakafungwa macho ya vituo.

Waairishi walikuwa wamepata kuonana na tauni katika Uingereza kabla ya hapo. Mwaka 1832 kipindupindu kilipoingia Liverpool, mwanamke mzaliwa wa Derry, Kitty Wilkinson, alikuwa na birika kubwa la kuchemshia maji ambalo majirani zake hawakuwa nalo. Aliwafungulia mlango wafulie kwake nguo na matandiko ya wagonjwa, na kutokana na kazi hiyo mji ulifungua nyumba ya kufulia ya umma mwaka 1842. Yeye alisaidia kwa kuufungua mlango. Waliomfuata mwaka 2020 ilibidi wasaidie mlango ukiwa umefungwa, na hilo, naona, ni gumu zaidi.

Walifanya hivi: vyakula viliwekwa kizingitini, mletaji akarudi nyuma hatua kadhaa, akangoja mzee afungue. Dawa zilichukuliwa kwa niaba yao. Juu ya yote ilikuwako simu. Mpigaji alijifunza kusikia alichozoea kukiona. Swali la umeamkaje lilijibiwa daima kwa neno njema, lakini swali la umekula nini jana lilitoa ukweli. Serikali ya Ireland ilitenga mfuko wa dharura kwa kazi hizo. Mazungumzo ya mtandaoni yaliwafaa baadhi. Mzee aliyeacha shule akiwa na miaka 14 na asiyemiliki kompyuta hayakumfaa kitu.

Hata msiba haukuwa na matanga. Desturi ya Waairishi ni kukesha na maiti nyumbani, jirani wote wakiingia na kutoka. Sasa mazishi yaliruhusiwa watu wachache tu, na aliyetaka kuvuka bahari kwenda kumzika ndugu yake alitakiwa ajitenge siku 14 baada ya kufika.

Tarehe 8 Desemba 2020, katika hospitali moja ya Coventry, chanjo ya kampuni ya Pfizer ilitolewa kwa mara ya kwanza duniani nje ya majaribio. Aliyechanjwa alikuwa Margaret Keenan, mwenye umri wa miaka 90, mzaliwa wa Enniskillen katika Ireland ya Kaskazini, aliyekuwa ameishi Coventry miaka 60 na zaidi. Muuguzi aliyemdunga sindano, May Parsons, alikuwa naye mhamiaji, kutoka Ufilipino. Bibi Keenan aliwaambia waandishi wa habari kwamba sasa ataweza kutazamia kukaa na jamaa na rafiki zake, kwa sababu sehemu kubwa ya mwaka ule alikuwa peke yake.