Kabla ya DNS, intaneti nzima ilikuwa kwenye orodha moja

Hebu fungua kompyuta yenye Linux, uangalie faili linaloitwa /etc/hosts. Utakuta mistari michache tu: namba, halafu jina. Faili hilo ni mabaki ya zama ambazo majina ya kompyuta zote za mtandao wa ARPANET yaliingia kwenye orodha moja.

Orodha iliitwa HOSTS.TXT. Ilitunzwa Menlo Park, California, katika taasisi ya SRI, na timu ya Elizabeth Feinler, ambaye wenzake walimwita Jake. Ukitaka kompyuta yako ijulikane, unawasiliana na ofisi yake, wanaandika jina na namba, basi. Wengine wote wanavuta nakala mpya. Usipovuta, jirani aliyehamia juzi humjui. Na jina likishachukuliwa na chuo kimoja, chuo kingine hakilipati tena. Kompyuta zikaongezeka, faili likanenepa, na foleni ya kuomba nakala ileile ikazidi kuelekea sehemu moja.

Mwaka 1983 Jon Postel, wa Chuo Kikuu cha Southern California, alimkabidhi Paul Mockapetris mapendekezo matano yaliyokuwapo, atafute mwafaka. Mockapetris akaja na la kwake: DNS, iliyotangazwa Novemba mwaka huohuo katika RFC 882 na 883.

Wengi husifu DNS kwa kasi. Mimi naona kikubwa ni kugawa madaraka. Jina husomwa kutoka kulia: anayesimamia .tz hahitaji kujua kompyuta zako zote, anajua tu seva ipi ya kuuliza habari za kikoa chako. Ndani ya kikoa hicho wewe ndiye mwenye nyumba. Unaweka rekodi ya A kuonyesha namba ya seva, CNAME kulipa jina moja jina jingine, MX kwa barua pepe. Huombi ruhusa California.

Ila ugonjwa wa nakala kuukuu haukuisha, ulipewa saa tu. Kila rekodi ina TTL, muda wa kuhifadhiwa. Ukiweka sekunde 86400, kisha ukahamisha tovuti, kuna watu wataendelea kupelekwa kwenye seva ya zamani hadi siku nzima. Ndiyo maana wazoefu huipunguza TTL mapema, siku kadhaa kabla ya kuhama.

Na /etc/hosts? Kompyuta nyingi bado hulisoma kabla ya kuiuliza DNS. Andika humo namba ya seva mpya na jina la tovuti yako, utaijaribu peke yako wakati wageni wako bado wako kule kwa zamani. Ukimaliza, ufute huo mstari.