Minneapolis na maradhi ya ovari: wanawake walipoanza kuhesabiwa

Kwa miongo kadhaa watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, nchini Marekani, walijipatia sifa duniani kwa kazi ya kuwapima watu: damu yao, uzito wao na mapigo ya mioyo yao. Waliopimwa, hata hivyo, walikuwa wanaume. Muda mrefu ulipita kabla ya miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul kuchangia jawabu la swali linalowagusa mamilioni ya wanawake: je, maradhi ya ovari yanayomzuia mwanamke kushika mimba humwacha salama baada ya miaka yake ya uzazi kupita?

Maradhi yenyewe ni ya kale kuliko jina lake. Mnamo mwaka 1721 tabibu wa Kiitaliano, Antonio Vallisneri, alimweleza mwanamke kijana wa shambani, aliyeolewa na asiyezaa, ambaye ovari zake zilikuwa kubwa, zenye kung'aa na mabonde mabonde, mfano wa mayai ya njiwa. Zaidi ya karne mbili zikapita. Mwaka 1935 madaktari wawili wa hospitali ya Michael Reese mjini Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, walichapisha habari za wanawake saba waliokuwa wamekosa hedhi au kuipata kwa nadra mno. Waliwafanyia upasuaji na kukata sehemu kubwa ya kila ovari. Hedhi ikawarejea wote saba, na wawili wakashika mimba. Tangu hapo maradhi hayo yakaitwa kwa majina ya madaktari hao, na kwa muda mrefu kisu kikabaki ndiyo tiba.

Wakati huo huo, kaskazini-magharibi ya Chicago, Minneapolis ilikuwa ikijenga utafiti wa namna nyingine. Profesa Ancel Keys alikuwa na maabara yake chini ya viti vya uwanja wa michezo wa chuo kikuu. Ni humo ambamo, kuanzia Novemba 1944, vijana 36 waliokataa kubeba silaha kwa sababu za dhamiri walikubali kukaa na njaa kwa miezi mingi, ili ulimwengu ujue namna ya kuwalisha walionusurika na vita. Wote 36 walikuwa wanaume. Baada ya vita Keys aliwafuatilia wafanyabiashara wa Minneapolis na Saint Paul ili aelewe chanzo cha maradhi ya moyo. Nao pia walikuwa wanaume. Hata uchunguzi wake mashuhuri wa nchi saba, ulioanza mwaka 1958, haukumhesabu mwanamke hata mmoja. Hoja ya zama hizo ilikuwa kwamba moyo huwaua wanaume wa makamo. Hoja hiyo haikuwa ya uongo, ila ilikuwa nusu ya habari.

Nusu ya pili ilianza kujitokeza mwaka 1980, na haikutoka kwa wataalamu wa moyo. Watafiti wa Memphis, katika jimbo la Tennessee, waligundua kwamba wanawake wenye maradhi ya ovari walikuwa na insulini nyingi kupita kiasi katika damu, na kwamba kadiri insulini ilivyopanda ndivyo homoni za kiume zilivyopanda. Ugunduzi huo uligeuza kabisa namna ya kuyatazama maradhi haya. Mwili usipoitii insulini, kongosho huizalisha kwa wingi zaidi. Insulini hiyo huichochea ovari itoe homoni za kiume. Nazo homoni hizo huyazuia mayai yasipevuke. Vifuko vidogo vinavyoonekana katika picha ya ovari ni mayai yaliyosimama njiani, wala si uvimbe kama watu wengi wanavyodhani. Jina la maradhi, kwa hiyo, linapotosha. Linamfanya mgonjwa aihofie ovari peke yake, ilhali tatizo limeenea mwili mzima.

Katika mwaka 1985 na 1986 vijana 5,115 weusi na weupe, wanawake kwa wanaume, wenye umri wa kati ya miaka 18 na 30, waliandikishwa katika uchunguzi mkubwa ujulikanao kwa jina la CARDIA. Vituo vyake vilikuwa vinne: Birmingham, Oakland, Chicago na Minneapolis. Lengo lilikuwa kuona jinsi maradhi ya moyo yanavyojijenga tangu ujanani. Washiriki waliitwa tena na tena kwa miongo kadhaa, na damu yao ikahifadhiwa. Mwanzoni hakuna aliyekuwa akiutafuta ugonjwa wa ovari. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanawake waliomo katika uchunguzi waliulizwa habari za hedhi zao za ujanani na za nywele zilizoota mahali zisipotarajiwa. Majibu yao yakalinganishwa na homoni zilizopimwa katika damu.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yaliwahusu wanawake 1,127. Kati yao 53 walitimiza masharti ya kuhesabiwa kuwa na maradhi haya walipokuwa na umri wa miaka ya ishirini au zaidi kidogo. Baada ya miaka 18, takriban asilimia 23 ya wanawake hao walikuwa wameugua kisukari, dhidi ya asilimia 13 ya wenzao. Tofauti hiyo haikufutika hata baada ya kuzingatiwa uzito wa mwili na historia ya kisukari kwa wazazi. Wenye maradhi ambao hawakuwa wanene nao walikuwa hatarini zaidi kuliko wembamba wenzao. Ni kweli kwamba wanawake 53 kutoka miji minne ni wachache, na takwimu kama hizo hazina budi kusomwa kwa tahadhari. Hata hivyo, hapo ndipo ilipodhihirika thamani ya kumfuatilia mtu tangu akiwa kijana mwenye afya: dalili ambazo daktari wa uzazi aliziona kuwa kikwazo cha mimba zilikuwa pia onyo la mapema juu ya kisukari.

Onyo hilo huweza kusikika wakati wa ujauzito wenyewe. Tiba ya kupata mimba imesonga mbele sana tangu zama za kisu. Dawa ya klomifeni iliruhusiwa Marekani mwaka 1967, na mwaka 2014 uchunguzi wa wanawake 750 ulionyesha kwamba letrozoli, dawa iliyobuniwa kwa ajili ya saratani ya matiti, huleta watoto wengi zaidi: asilimia 27.5 ya waliotibiwa kwa letrozoli walijifungua watoto hai, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliopewa klomifeni. Lakini mimba ikishatunga safari haijaisha. Wanawake hawa hupatwa zaidi na kisukari cha mimba, shinikizo la damu na kifafa cha mimba, na huzaa zaidi watoto njiti. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unashauri wapimwe sukari kabla ya kushika mimba au mapema katika ujauzito, kisha warudie kipimo kati ya wiki ya 24 na 28. Kwa upande wa faraja, uchunguzi ule ule wa CARDIA ulitoa habari nyingine mwaka 2018: wanawake walionyonyesha kwa miezi sita au zaidi walipunguza hatari ya kisukari kwa karibu nusu, wakilinganishwa na wasionyonyesha kabisa.

Lakini kuna wanawake wa Minneapolis ambao hawamo katika hesabu hizi zote. Ukingo wa magharibi wa chuo kikuu, ng'ambo ya Mto Mississippi, umepakana na mtaa wa Cedar-Riverside, wenye maghorofa marefu yaliyokamilika mwaka 1973. Washiriki wa CARDIA walikwisha kuandikishwa mwaka 1986. Serikali ya Somalia ilianguka mwaka 1991, na katika miaka iliyofuata familia za Kisomali, nyingi zikiwa zimepitia kambi za wakimbizi nchini Kenya, zikaanza kuhamia hapo. Wakaja Waoromo, na Wakenya wakajikusanya katika vitongoji vya Brooklyn Park na Brooklyn Center. Mama wa Kiafrika ya Mashariki anayeingia kliniki katika miji hiyo hupimwa kwa vipimo vilivyotokana na miili ya watu wengine. Mfano mmoja ni kipimo cha kuhesabu nywele za mwilini, kilichobuniwa London mwaka 1961 kwa kuwachunguza wanawake wa huko. Wataalamu wanakubali sasa kwamba kiwango cha kawaida hutofautiana kati ya jamii na jamii.

Alikotoka mama huyo nako maradhi haya hayakuangaliwa sana, tena kwa sababu inayoeleweka. Shirika la Afya Duniani lilipochunguza ugumba katika nchi nyingi kati ya mwaka 1979 na 1984, liligundua kwamba barani Afrika chanzo kikuu kilikuwa maambukizo yaliyoziba mirija ya uzazi. Jitihada zikaelekezwa huko, na mwanamke ambaye mirija yake ni mizima lakini mayai hayapevuki akasahauliwa. Nyumbani huambiwa ni tasa, au kwamba kuna mkono wa mtu. Mume huoa tena. Ni nadra kwa yeyote kumwuliza kama hedhi yake huja kila mwezi, ingawa swali hilo halihitaji mashine wala fedha.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana maradhi haya, na kwamba hadi asilimia 70 ya wenye nayo hawajaambiwa na daktari yeyote. Wanawake waliojitokeza Minneapolis mwaka 1985 wakiwa vijana wamekwisha kuwa watu wazima wa karibu miaka sitini na zaidi. Duru ya vipimo vya mwaka wa 35 ya uchunguzi wao ilianza mwaka 2020. Mabinti wa wale waliofika Cedar-Riverside baada yao wengi wamezaliwa Minnesota, na sasa wamo katika umri ule ule ambao CARDIA iliwachukua washiriki wake wa kwanza.