SOMO LA HISTORIA: KURA YA MWAKA 2015 NA KOROSHO ZA MWAKA 2018

Wekeni madaftari na kalamu tayari, na mwalimu wa darasa aandike ubaoni miaka hii mitatu: 1970, 2015, 2018. Tutaihitaji.

Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za Wareno na Wadachi tu. Sivyo. Mambo yaliyotupata juzi nayo ni historia, nayo ni magumu zaidi kuyasoma, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwamo. Leo tutazungumza juu ya jambo lililotokea Masasi, Newala na Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde na chini yake, na kila mmoja wenu aliye na mikorosho analijua.

Swali letu ni hili. Mtu amechaguliwa kuwa kiongozi. Baadaye utawala wake unawaumiza baadhi ya wale wale waliomchagua. Je, siku ile walipopiga kura, waliyaona yatakayokuja? Kaa katika baraza lo lote, utasikia majibu mawili. Mmoja atasema, “Tuliwaambia, hamkusikia.” Mwingine atasema, “Nani angejua?” Wote wawili hujibu upesi mno. Anayetaka kusoma historia lazima kwanza atoe kichwani mambo yote yaliyotokea baada ya siku ya kura, ajiulize: siku ile, watu walijua nini?

Haya, turudi Jumapili tarehe 25 Oktoba 1915. La, samahani, 2015. Watanzania walikuwa wakimchagua Rais wa tano. Waliosimama walikuwa kadhaa, lakini wenye nguvu walikuwa wawili: John Pombe Magufuli wa CCM, na Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu mpaka mwaka 2008, naye alitoka CCM mwaka ule ule wa 2015 akasimama kwa upande wa wapinzani. Magufuli alipata kura 58 na kitu katika kila 100. Lowassa alipata karibu 40.

Watu wa Kusini walikuwa na shauri lao. Wengi walimtazamia Bernard Membe, mtu wa Lindi, kwamba yeye ndiye CCM itamsimamisha. Lakini huko Dodoma, mwezi wa Julai, jina lake liliishia katika watano wa mwisho, likaachwa. Aliyebaki alikuwa Magufuli, mtu wa Chato, mbali kabisa na bahari yetu. Hata hivyo hakuwa mgeni. Aliyemfanya naibu waziri mwaka 1995, kisha waziri kamili mwaka 2000, alikuwa Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi.

Basi walijua nini juu yake? Walijua barabara. Magufuli alikuwa Waziri wa Ujenzi, tena waziri aliyeweza kusimama Bungeni akataja barabara moja moja na kilomita zake bila kutazama karatasi. Na barabara ya kutoka Mtwara kupitia Tandahimba na Newala mpaka Masasi ilikuwa kwa sehemu kubwa bado ya vumbi. Mtu aliyemsafirisha mgonjwa katika barabara ile wakati wa masika hahitaji kuelezwa kwa nini waziri wa barabara alipendeza. Watu walimwita jembe, walimwita tingatinga.

Lakini walijua na jambo la pili. Walijua kwamba mtu yule ni mkali. Mwaka 2011, alipokuwa akibomoa nyumba zilizojengwa katika hifadhi ya barabara, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alimzuia. Mwanzoni mwa mwaka 2012 nauli ya kivuko cha Kigamboni ilipandishwa kutoka shilingi 100 mpaka 200. Watu walipolalamika, waziri alisema kwamba asiyetaka kulipa na apige mbizi. Maneno hayo yaliandikwa katika magazeti, yakatangazwa redioni, yakachekwa vijiweni. Hayakufichwa hata kidogo.

Hapa mwalimu wa darasa asimame kidogo, awaulize wanafunzi: Mtu akisikia maneno ya kivuko, kisha akampigia kura msemaji, je, alikuwa haoni?

Mimi nasema aliona. Lakini alidhani kwamba ukali ule utawaangukia wengine. Nchi ilikuwa imechoka na habari za wizi wa mali ya umma. Mkulima wa korosho naye alikuwa na wezi wake karibu zaidi: mizani iliyochezewa, makato yasiyoeleweka katika chama cha msingi, malipo ya awamu ya pili yasiyofika, na yule mnunuzi wa kangomba. Kwa ajili ya wanafunzi wasiotoka Kusini, kangomba ni biashara ya kumnunulia mkulima korosho zake nje ya utaratibu, kwa kipimo cha kienyeji na kwa bei ndogo, mara nyingi wakati ana njaa na msimu bado. Mtu wa namna hiyo anapomsikia mgombea mkali, husema moyoni, “Huyu ndiye atakayewaweza.” Hakusema, “Huyu ataniweza mimi.”

Tusidhani kwamba wote walikubali. Mwaka ule ule jimbo la Ndanda, katika wilaya ya Masasi, lilimchagua mbunge wa CHADEMA, na Tandahimba wakamchagua wa CUF. Newala ilibaki na CCM. Watu walikumbuka ghasia za mwaka 2013 juu ya gesi ya Mtwara, ambapo hata Masasi mali ilichomwa moto. Kwa hiyo hasira ilikuwapo, lakini ilikuwa juu ya serikali iliyokuwa ikiondoka.

Sasa angalieni vema, maana hapa ndipo “tuliwaambia” inapopata shida. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa mizuri kwa mkorosho. Misimu ya mwaka 2016 na 2017 bei mnadani ilipita shilingi 3,000 kwa kilo, na ikafika karibu na 4,000. Watu walijenga nyumba za bati, walinunua pikipiki. Mavuno ya msimu wa 2017/18 yalipita tani 310,000, kiasi ambacho nchi haikuwahi kukipata. Watoto walisoma shule bila ada tangu mwaka 2016. Ni kweli kwamba katika mwaka huo huo wa 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na matangazo ya Bunge ya moja kwa moja yaliondolewa. Lakini mkulima mwenye shilingi 4,000 kwa kilo atalia juu ya matangazo ya Bunge? Wachache walilia. Nadhani hilo ndilo kosa lililo kubwa kuliko kura yenyewe, kwa kuwa mdomo uliozibwa siku ya neema ndio uliohitajiwa siku ya shida.

Shida ilianza na ushuru. Korosho ghafi zikipelekwa nje, hutozwa ushuru. Sheria ilikuwa imesema kwamba katika kila shilingi 100 za ushuru huo, shilingi 65 zirudi kuendeleza zao la korosho: miche, utafiti, dawa ya salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Mwezi wa Juni 2018 sheria ilibadilishwa, fedha zote zikaenda katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini, wa CCM na wa upinzani pamoja, walipinga. Hawakusikilizwa. Katika kampeni za mwaka 2015 hapakuwa na mtu aliyesema jambo hili, na hakuna mpiga kura aliyeweza kulijua.

Kisha ikaja Oktoba 2018. Bei ya korosho duniani ilikuwa imeshuka. Wanunuzi wa India na Vietnam hawakutaka kulipa kama mwaka uliotangulia. Minada ya vyama vikuu, yaani TANECU kwa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa Masasi na Mtwara, ilipofunguliwa, bei ilikuwa chini ya shilingi 3,000. Wakulima wakakataa kuuza. Mnada wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara mwaka 2007, unawapa haki hiyo: korosho ziko ghalani, mkulima ana stakabadhi mkononi, na bei isipomridhisha anaweza kusema hapana.

Tarehe 10 Novemba Rais aliwaondoa Waziri wa Kilimo na Waziri wa Biashara, akavunja Bodi ya Korosho. Tarehe 12 Novemba alitangaza kwamba serikali yenyewe itazinunua korosho zote, kwa shilingi 3,300 kila kilo, na jeshi litazibeba. Malori ya jeshi yalipangwa tayari. Siku ile watu wengi wa Newala na Masasi walishangilia, nami siwalaumu. Ukali ule walioupigia kura mwaka 2015 ulikuwa umefika, tena ulimwangukia yule waliyetaka umwangukie, yaani mnunuzi.

Lakini jembe likishainuliwa, halichagui jani. Serikali ilisema haitamlipa mtu wa kangomba, kwa hiyo kila mkulima ahakikiwe. Mwenye kilo zaidi ya 1,500 alitakiwa aonyeshe shamba lake. Fedha zililipwa kupitia akaunti za benki, na wengine akaunti zao zilikuwa na kasoro, na wengine hawakuwa nazo kabisa. Hivyo mkulima aliyemshangilia Rais mwezi wa Novemba alijikuta mwezi wa Januari, watoto wakitakiwa sare za shule, akijieleza mbele ya wahakiki kama mshitakiwa. Wengine walilipwa mapema, wengine walisubiri miezi mingi. Mwishoni mwa Januari 2019 serikali ilitia sahihi mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya, Indo Power Solutions, tani 100,000. Mkataba huo ulivunjika mwezi wa Mei. Korosho zikabaki maghalani. Mavuno ya msimu huo wa 2018/19 yalikuwa yameshuka mpaka kama tani 225,000, na msimu uliofuata serikali ilirudi kwenye minada ile ile, na bei ilikuwa tena chini ya 3,000.

Sasa tutazame mwaka wa kwanza ubaoni, 1970. Wazee wa darasa watatusaidia. Wakati huo wabunge waligombea kwa alama za jembe na nyumba, na Rais alipigiwa kura ya ndiyo au hapana. Mwalimu Nyerere alipata ndiyo zaidi ya 95 katika kila 100. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1973, alitoa amri kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena. Huku kwetu watu walikuwa wamekwisha kuanza kukusanywa hata kabla ya hapo, kwa sababu ya vita ya Msumbiji ng’ambo ya Ruvuma. Watu waliacha mikorosho yao mbali, ikamezwa na pori. Hiyo haikuwa sababu peke yake. Bei ilikuwa ndogo, na ubwiriunga ukaingia. Lakini nchi iliyovuna kama tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 ilivuna chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87.

Je, waliosema ndiyo mwaka 1970 waliona? Hapa jibu langu ni tofauti. Maandiko ya mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini yalisema waziwazi kwamba watu wasilazimishwe. Mpiga kura aliyesoma, au aliyesomewa, aliambiwa kinyume cha yaliyokuja kutokea. Hata angekuwa na macho kumi asingeona. Mpiga kura wa mwaka 2015 alikuwa ameonyeshwa tabia ya mtu wake, kwenye kivuko na kwenye nyumba zilizobomolewa. Ushuru hakuuona, jeshi ghalani hakuliona, lakini namna ya kuamua aliiona: upesi, kwa sauti kubwa, na bila kumwuliza mwenye jambo lake.

Wako watakaosema kwamba ninamwonea marehemu. Alifariki tarehe 17 Machi 2021, na wako wengi, hata Newala, wanaomkumbuka kwa wema, wakitaja barabara, ada na watumishi waliokoma kuchelewa kazini. Mambo hayo ni ya kweli, nayo yaandikwe katika daftari lile lile, ukurasa ule ule. Mtu aliyepata fedha zake zote za shilingi 3,300 mwezi wa Desemba 2018 hana historia sawa na jirani yake aliyezingoja mpaka msimu mwingine, ingawa magunia yao yalilala ghala moja.

Kwa wiki ijayo, kila mwanafunzi amtafute mtu mmoja aliyepiga kura mwaka 1970, na mwingine aliyepiga mwaka 2015. Asiwaulize walimchagua nani. Hiyo ni siri yao. Awaulize hivi: “Asubuhi ile, ulipokuwa katika mstari, ulikuwa ukitazamia nini?” Ayaandike majibu kama yalivyosemwa, bila kuyanyosha. Mwalimu wa darasa atayasoma kwa sauti, kisha mtashauriana ni lipi kati ya matazamio hayo lilikuwa na sababu siku ile, na lipi lilikuwa tumaini tu. Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka wiki ijayo saa kama hii.